Kwa Lenny, Kuhusu Jaribio la Nne

41 Mtaa wa Tanuri,
Hollis Run, Pennsylvania.
10 Novemba 2013.

Mpendwa mdogo wangu Lenny,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, wewe na wifi yangu Noreen. Habari za Kodiak? Baridi inawafanyaje? Na goti lako je, bado linakusumbua au limekubali kutulia? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Gus alishikwa na mafua wiki iliyopita, akalalamika kama mtu anayekata roho, lakini sasa amepona na anakula kama zamani. Baba hajambo kwa umri wake. Kifua kimetulia, ila masikio yanazidi kuwa mazito, na jioni nyingine anasahau kama amekwisha kunywa dawa. Nitamrudia baadaye, maana barua hii hasa ni kwa ajili yake.

Samaki uliotutumia walifika salama. Tuliwala siku mbili mfululizo. Baba alisema ni watamu lakini hawafikii wale wa Ijumaa wanaokaangwa kanisani, na unamjua alivyo, akishasema hivyo ujue amewapenda.

Najua utashangaa kuona barua badala ya simu. Kwa jambo hili simu na wewe haiwezekani. Ukianza kuzungumzia futiboli ya Kimarekani na timu ya vijana wetu unapayuka hadi Baba anakusikia akiwa jikoni, pamoja na ubovu wote wa masikio yake. Jumamosi ile baada ya mechi ya Stony Ridge ulisema Corbin Yatsko ni mrushaji asiyejua kuhesabu hadi nne, na kwamba enzi zako angefukuzwa mjini kabla jua halijachomoza. Baba alikuwa mezani anakata mkate. Aliweka kisu chini akaenda kulala, na chakula cha jioni hakukigusa. Mimi nilidhani amechoka tu. Kwa hiyo leo nakuandikia, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujafungua mdomo.

Tuanze na mechi yenyewe, maana wewe uliisikiliza redioni, na yule mtangazaji wetu huona nusu, nusu nyingine anajitungia.

Stony Ridge hawakuwa timu ya kutufunga, Lenny. Damu bado inanichemka nikikumbuka. Vijana wetu wa mstari wa mbele, wale wanaotakiwa kumkinga mrushaji, walikuwa kama mlango usio na komeo. Kila aliyetaka kuingia aliingia. Yule mrefu wa akina Hrabak alidondosha mipira iliyomfika kifuani kabisa, mipira ambayo hata Gus angeidaka na kikombe cha kahawa mkononi. Na Kocha Oravec, unamjua kichwa chake, alikazania kuupitisha mpira katikati, palepale walipojazana watu, kila mara kana kwamba mara hii watu wale watakuwa wamekwenda kwao.

Corbin mwenyewe tumemsema vya kutosha tangu Septemba. Miguu yake ni mizito. Hukaa na mpira mkononi anatafakari, wakati mabeki watatu wanamjia mbio. Lakini mkono anao, na roho anayo. Usiku ule aliangushwa, akainuka, akaangushwa tena, akainuka na matope mdomoni, na kila mara alimpa mkono aliyemwangusha. Kipindi cha mwisho tukiwa nyuma kwa pointi tatu, aliichukua timu ile mbovu kutoka mwisho wetu wa uwanja akaivusha hadi zikabaki yadi nne tu kufika mstari wao. Alirusha mpira mmoja akiwa anadondoka chali, nami nilijikuta nimesimama juu ya benchi na viatu vyangu vya kanisani. Yule mtu wa chuo kikuu kutoka Ohio alikuwa palepale, amekaa na kocha wa zamani, amekuja kumwangalia Corbin peke yake. Kila mtu uwanjani alijua kwamba kijana yule anachezea nafasi ya kusomeshwa bure.

Sasa nisikilize vizuri. Umekaa na samaki miaka mingi, acha nikukumbushe: majaribio ya kusogeza mpira mbele ni manne, na la nne likiharibika mpira unakwenda kwa wapinzani. Jaribio la tatu tuliangushwa ndani ya mistari ya uwanja. Refa mmoja akatupa kitambaa cha faulo, wote tukasimama, halafu wakashauriana na kusema hapana, hakuna faulo, mchezo uendelee. Saa ikaanza tena kukimbia, nasi hatukuwa na ruhusa nyingine ya kuisimamisha. Corbin akageuka akatazama pembeni ya uwanja, kisha akaupokea mpira na kuupiga chini ili saa isimame apange mchezo wa mwisho. Ni jambo zuri kabisa kulifanya kwenye jaribio la tatu. Kwenye la nne ni kuwapa wapinzani mpira na ushindi mkononi. Na lilikuwa la nne.

Hapo ndipo ulipozima redio, nadhani. Sisi hatukuwa na cha kuzima. Watu walizomea, Lenny, watu wazima, watu wanaopokea komunyo na mimi. Yule mtu wa Ohio alifunga koti lake akaondoka bila hata kumpa kijana mkono. Msimu umeharibika, hakuna mtoano, na kufika Jumamosi asubuhi kila aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi Dugan alikuwa ana mzaha mpya kuhusu Corbin na hesabu.

Jumapili tukakutana ukumbi wa zimamoto baada ya misa kuangalia picha ya video ya mechi, kama kawaida. Utaratibu haujabadilika tangu ulipoondoka. Tukishinda, kocha ndiye anayeshika rimoti na kupigiwa makofi. Tukifungwa, anaishika mrushaji, anasimama mbele ya mji mzima na kueleza kila mchezo, na yeyote mwenye mdomo anauliza anachotaka. Wewe ulipofungwa na Carver's Mill uliilaumu mvua. Watu bado wanacheka.

Mimi nilikuwa nagawa haluski, zile tambi zetu za kabichi. Kabichi ilikuwa imeungua kidogo, lakini hakuna aliyelalamika kwa sababu wote walikuwa wamejiandaa kumlalamikia Corbin. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mama yake, Tamara, yule anayeendesha basi la shule, alikaa nyuma kabisa na mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Dugan hakumpa hata nafasi ya kupumua.

"Hebu tueleze, bwana mdogo. Hapo umesimama na mpira unamtafuta nani, mama yako?"

"Nilikuwa namtafuta Hrabak, Mzee Dugan. Nilimwona. Shida ni kwamba wale watatu wa Stony Ridge nao walikuwa wameniona mimi."

Watu wakacheka, na nikaona mabega ya Tamara yanashuka kidogo. Akaendelea hivyo, mchezo baada ya mchezo, bila kumtupia lawama mtu. Mipira aliyoidondosha Hrabak alisema aliirusha kwa nguvu mno. Waliomwachia mabeki wapite alisema yeye ndiye aliyekawia. Lenny, mimi niliiona mechi ile kwa macho yangu, nami nilikaribia kuamini kwamba vijana kumi walicheza vizuri na mmoja ndiye aliyewaangusha.

Alipofika kwenye lile jaribio la tatu akaisimamisha picha kabla wachezaji hawajainuka kutoka chini.

"Hapa nilipoteza hesabu," akasema. "Nilidhani ni la tatu, kumbe ni la nne. Kosa ni langu. Poleni sana." Akazima.

"Yaani ndiyo hivyo tu?" Dugan akasimama. "Msimu mzima umekwenda na maji, halafu unatuambia poleni?"

"Ndiyo, Mzee Dugan."

"Mjukuu wangu yuko chekechea na anajua kwamba baada ya tatu inakuja nne!"

"Basi nitampa jezi yangu, mzee."

Mara hii hakucheka mtu. Hapo ndipo nikasikia kiti kinaburutwa, nikageuka. Alikuwa Baba. Amesimama, amevaa ile fulana yake ya mistari ya uwanjani ndani ya koti la kanisani, nami sikujua aliivaa saa ngapi.

"Rudisha," akasema.

"Imekwisha, Babu Emil," Corbin akamjibu kwa sauti ya juu, ile ya kumsemesha mtu asiyesikia. "Hakuna cha kuona hapa."

"Masikio yangu ndiyo mabovu. Macho ni mazima. Rudisha picha, mwanangu, na usiikate."

Corbin akamtazama Kocha Oravec. Oravec akaangalia viatu vyake. Basi akaiwasha, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

Unakumbuka ubao wetu mkubwa ulipigwa na radi mwezi wa nane, nilikuandikia. Sasa unaonyesha pointi na saa peke yake. Ukitaka kujua ni jaribio la ngapi unatazama fimbo ya Baba pale pembeni, yenye kile kibao cha namba anachokigeuza kila mchezo ukiisha. Na hata ule ubao ulipokuwa mzima, kila mrushaji wa mji huu amefundishwa neno moja tangu akiwa mtoto: ukichanganyikiwa, mtazame Emil. Wewe ulifundishwa hivyo. Corbin amefundishwa hivyo.

Picha ikaenda. Wachezaji wakainuka kutoka chini, kitambaa kikaokotwa, Corbin akageuza kichwa kutazama pembeni. Na pale pembeni, wazi kabisa, alikuwepo Baba yetu na fimbo yake, na kibao kinasema tatu. Alikuwa amesubiri ile faulo ambayo haikuwepo, maana ingekubaliwa la tatu lingerudiwa. Hakugeuza.

Sufuria yangu ilikuwa inachemka, nikaiacha.

"Mmeona?" Baba akasema. "Mtoto amesoma kilichoandikwa. Aliyeandika ni mimi."

"Refa alinyanyua ngumi, babu," Corbin akasema haraka. "Ishara ya la nne ni ngumi. Alikuwa nyuma yangu tu, ningegeuka ningeiona. Kuhesabu ni kazi yangu mimi."

"Na mimi kazi yangu ilikuwa nini?"

Baba akatutazama wote, kisha akasema kuanzia siku ile kibao anakiacha, atafutwe mwingine, na msamaha wake anauomba kwa Tamara Yatsko kwanza kabla ya kuuomba kwa mtu mwingine yeyote. Akakaa. Dugan, ambaye kwa kawaida hata kanisani hanyamazi, alivua kofia yake akaiweka magotini na hakuivaa tena. Corbin akaweka rimoti mezani, akaja akaketi kwenye kiti kilicho karibu na Baba, akaniomba sahani ya haluski. Walikula pamoja. Mimi nilirudi kwenye sufuria yangu nikalia pale, nikisingizia mvuke.

Wakati wa kukunja viti nilimkamata Corbin kando.

"Ulijua lini?"

"Palepale, Mama Marcella. Nilipoona Stony Ridge wanashangilia nikatazama tena kibao. Babu ndiyo kwanza alikuwa anakigeuza."

"Na yule mtu wa Ohio? Ulimwona anaondoka na bado ukanyamaza?"

"Ningemwambia nini? Kwamba ni Babu Emil?" Akakunja kiti kingine. "Mimi mwakani nitaondoka hapa, hata kama sijui nitakwenda wapi. Yeye anabaki. Angeishi nalo kila akienda kunyoa."

Ana miaka kumi na saba, Lenny. Mimi na wewe tukijumlisha tuna zaidi ya mia, na sijui ni nani kati yetu angeweza kutukanwa na mji mzima siku mbili, huku jibu amelishika mdomoni, akalimeza. Nimemwangalia kijana huyu akirusha mpira kwa miaka mitatu nikihesabu makosa yake. Sijapata kumvulia mtu kofia kama nilivyomvulia yeye pale kati ya viti vya chuma.

Najua sasa unataka kuuliza habari za yule mtu wa chuo. Hajapiga simu. Kocha Oravec amempelekea picha ile nzima na maelezo, na kila siku asubuhi Baba ananiuliza kama Oravec amesema lolote. Namwambia bado. Anasema atapiga, na anarudia kuangalia dirishani.

Nimalizie na Ijumaa, juzi. Ilikuwa mechi ya mwisho, ya nyumbani, isiyo na maana yoyote kwenye msimamo. Baba alisema haendi. Tangu tuzaliwe hajawahi kusema hivyo hata mvua ya mawe ilipokuwa inanyesha. Fulana yake ya mistari aliikunja akaiweka juu ya kochi, na ni Gus aliyeiokota, kwa sababu shemeji yako ndiye aliyeteuliwa kushika fimbo. Usicheke. Hakuna mwingine aliyekubali. Gus alisimama mbele ya Baba ndani ya fulana inayombana tumbo akamwambia, "Mzee, usipokuja kunisimamia, nitageuza kile kibao juu chini." Baba akatafuta buti zake.

Tukakaa jukwaani, mimi na yeye, na blanketi la Mama miguuni. Hakuwahi kuketi jukwaani maisha yake yote, na hakupenda.

"Mnaonaje mpira mkiwa huku juu? Ni kama kuangalia sisimizi."

"Utazoea, Baba."

"Sisikii hata wakigongana. Mechi gani hii haisikiki?" Kisha kwa sauti iliyowageuza watu wa safu tatu mbele yetu: "Geuza kibao, wewe Gus! Umelala?"

Mchezo wa kwanza tulipata yadi mbili. Timu ikaanza kukusanyika kupanga wa pili, lakini Corbin hakwenda. Alibaki amesimama peke yake katikati ya uwanja, amegeukia jukwaani, mkono juu ya macho kuzuia taa. Nilidhani anamtafuta mama yake. Kisha akanyoosha kidole moja kwa moja kwa Baba, akafungua mikono yake miwili kama mtu anayeuliza la ngapi.

Baba hakuelewa. Nikambonyeza ubavuni. "Anakuuliza wewe."

"Si kuna Gus?"

"Anakuuliza wewe, Baba."

Akatoa mkono ndani ya blanketi akanyanyua vidole viwili. Corbin akaitikia kwa kichwa akarudi kwa wenzake. Na baada ya mchezo ule akageuka tena, na baada ya uliofuata akageuka tena. Refa mmoja alimfokea asipoteze muda. Hakumjali. Kufika kipindi cha pili Baba alikuwa ametupa blanketi, anahesabu kwa mdomo, na watu wa safu yetu wameacha kuongea ili asichanganyikiwe. Dugan alikuwa ameketi nyuma yetu. Hakusema hata neno moja, na hilo peke yake lilistahili kutangazwa redioni.

Tulifungwa, Lenny. Tulifungwa vibaya kuliko Stony Ridge walivyotufunga, na yule wa akina Hrabak alidondosha mwingine. Lakini mwisho kabisa tukawa tumefika jirani na mstari wao, saa inakwisha, watu waliokuwa wanaondoka wamesimama kwenye ngazi. Jaribio la tatu halikutupa kitu. Corbin akainuka na matope usoni, akageuka, akamtafuta Baba.

Baba akasimama. Nilitaka kumshika mkono akaniondoa. Akakunja ngumi, akainyanyua juu kadiri bega lake lilivyokubali, akaiacha pale. Corbin naye akanyanyua ya kwake. Kisha nikasikia watu wanainuka nyuma yangu, nikageuka: Dugan, Tamara, akina Hrabak, jukwaa zima limesimama na ngumi juu, kimya, ili kijana asikosee.

Huo mrusho wa mwisho haukufika. Baba alikuwa bado ameshika ngumi juu taa zilipoanza kuzimwa.

Basi ndugu yangu, ukija Sikukuu ya Shukrani, yale maneno yako yaache huko huko kwa samaki. Utakwenda kwa akina Yatsko kabla hujavua koti, na utampa Corbin mkono.

Gus anakusalimu na anasema fulana ile ilifuliwa ikapungua. Shangazi Ludmila anakusalimu, anauliza kama huko Alaska kuna padri. Mbusu Noreen kwa niaba yangu. Mungu akulindie goti lako na akulete salama, maana kuna kiti kimoja jukwaani nimekuwekea, upande wa lile sikio la Baba lenye nafuu.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata unapopayuka,

Marcella